Kiwambo na Kikohozi: Jinsi Mtu na Mnyama Wanavyovuta Pumzi na Kuilinda

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo kila mkulima hulisikia nyumbani kwake na zizini mwake, lakini ni wachache waliopata kulichungua, nalo ni kikohozi. Mtoto akikohoa usiku, mama huamka. Ndama akikohoa usiku, mara nyingi hakuna anayeamka, na asubuhi watu husema, "Ni baridi tu." Pengine ni baridi kweli. Pengine ni kitu kingine kitakachomwondoa ndama huyo kabla ya mwezi kwisha, na kwa mkulima wa skimu mwenye ng'ombe wawili wa gredi, ambao mmoja wao bado analipiwa deni, hilo si jambo dogo.

Ili tukielewe kikohozi, hatuna budi kwanza tukijue kiwambo.

Siku utakapochinja mbuzi au kondoo, usiwe na haraka ya kutoa matumbo. Pasua tumbo, kisha tia mkono taratibu kuelekea kifuani. Utakuta njia imezibwa. Kuna ukuta wa nyama uliotandazwa kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili, mwekundu kandokando na mweupe wa kung'aa katikati, nao umekazwa kama ngozi ya ngoma. Hicho ndicho kiwambo, na jina lake limetoka hapo hapo, maana kuwamba ni kukaza ngozi juu ya ngoma. Mbele ya ukuta huo wamo moyo na mapafu. Nyuma yake limo ini, na tumbo, na utumbo, na vinginevyo vyote. Umio na mishipa mikubwa ya damu hupita katika matundu yake madogo. Wachinjaji hukikata kiwambo na kukiweka pamoja na nyama ya kuchoma, nacho ni kitamu; lakini kabla hujakila, kitazame.

Utaona kwamba hakikulala sawa kama ubao. Kimejikunja kuelekea kifuani, mfano wa bakuli lililofudikizwa. Kinapokazana, lile bakuli hunyooka na kushuka kuelekea tumboni, na nafasi ya kifua huongezeka. Mbavu nazo huinuka na kupanuka. Hapo hewa huingia. Kiwambo kinapolegea, hurudi juu kama kilivyokuwa, nafasi hupungua, na hewa hutoka.

Watu wengi hudhani mapafu hujivuta yenyewe. Sivyo. Pafu ni laini kama sifongo, wala halina nyama ya kujipanua. Jambo hili waweza kuwaonyesha watoto kwa chupa ya plastiki. Kata kitako cha chupa. Ingiza baluni mdomoni mwa chupa, ining'inie ndani, kisha kunja mdomo wa baluni juu ya mdomo wa chupa ili hewa isipite pembeni. Funika kitako kilichokatwa kwa kipande cha baluni nyingine, ukikaze kwa uzi. Sasa vuta ile ngozi ya chini kwa vidole. Baluni ya ndani itajaa, ingawa hakuna aliyeipuliza. Iachilie ngozi, nayo baluni itanywea. Chupa ni kifua, baluni ni pafu, na ile ngozi ya chini ni kiwambo. Hewa haikusukumwa ndani. Iliingia kwa sababu ilipewa nafasi. Ukitoboa ubavu wa chupa kwa msumari, vuta utakavyovuta, baluni haitajaa vizuri; na hivyo ndivyo ilivyo kwa ng'ombe aliyetobolewa kifuani na pembe ya mwenziwe.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Ng'ombe mkubwa aliyesimama kivulini, kama mara 20 mpaka 30 au kupita kidogo, na joto likizidi huongeza. Jizoeze kuhesabu. Simama kando yake, tazama ubavu unavyopanda na kushuka, na shika saa. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Fanya hivyo siku ng'ombe akiwa mzima, ili siku akiugua uwe na hesabu ya kulinganisha.

Amri ya kukaza kiwambo hutoka ubongoni, nayo hupita katika mishipa miwili ya fahamu inayoanzia shingoni, si karibu na kiwambo chenyewe kama ungetazamia. Ndiyo maana mtu aliyevunjika shingo juu kabisa aweza kufa kwa kukosa pumzi ingawa kifua chake hakina hata mchubuko. Mishipa hiyo ikichokozwa, kiwambo hushtuka bila kuamriwa, na mlango wa koo hujifunga ghafla, ndipo tunaposikia kwikwi. Kwa kawaida kwikwi huisha yenyewe, iwe umekunywa maji au umeshtuliwa. Lakini mkulima mmoja wa Marekani, Charles Osborne wa jimbo la Iowa, alishikwa na kwikwi mwaka 1922 alipokuwa akijaribu kumpima nguruwe uzito kabla ya kumchinja, na haikumwacha mpaka mwaka 1990. Miaka 68! Na katika muda huo alioa na kuzaa watoto.

KIKOHOZI HUFANYWAJE

Sasa tuje kwenye kikohozi. Bomba la pumzi limetandikwa kwa ndani ngozi laini yenye uchungu mwepesi sana, hasa kwenye koromeo na pale bomba linapogawanyika matawi mawili kwenda kila pafu. Chembe ya ugali, vumbi la mabua, moshi, makohozi au mnyoo akigusa hapo, habari hupelekwa ubongoni mara moja. Ubongo hautuulizi. Hutoa amri, na amri hiyo hutekelezwa kwa hatua tatu zinazofuatana upesi kiasi kwamba sisi huona ni jambo moja.

Kwanza kiwambo hukazana kwa nguvu na kuvuta hewa nyingi ndani. Ndiyo ile "hii!" unayoisikia kabla ya mtu kukohoa. Pili, mlango wa sauti kooni hujifunga kabisa kwa muda mfupi sana, na wakati umefungwa, misuli ya tumbo na ya mbavu hukazana, ikisukuma matumbo juu dhidi ya kiwambo kilicholegea, na kiwambo dhidi ya mapafu. Hewa iliyomo hubanwa kama hewa ya pampu ya baiskeli uliyoziba tundu lake kwa kidole. Tatu, mlango hufunguka ghafla. Hewa hutoka kwa kishindo na kukokota kila ilichokikuta njiani.

Hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, wanapokosea. Husema kiwambo ndicho kinachosukuma kikohozi. Lakini kiwambo chajua kuvuta tu. Mwenye kusukuma ni tumbo. Weka kiganja juu ya kitovu chako, ukohoe mara moja, utaona mwenyewe. Ndiyo maana mtu aliyekohoa siku tatu hulalamika maumivu ya tumbo na mbavu, akadhani ana ugonjwa wa pili, kumbe ni uchovu wa kazi. Na ndiyo maana mama aliyepasuliwa tumbo wakati wa kujifungua huogopa kukohoa. Wauguzi humfundisha kukumbatia mto juu ya kidonda kisha akohoe, kwa kuwa makohozi yakibaki ndani humletea homa ya mapafu. Mzee aliyedhoofika, ambaye tumbo lake halina nguvu tena, husikika akikwaruza koo tu. Huyo wa kukohoa kwa udhaifu yafaa aangaliwe kuliko kijana mwenye kikohozi cha kutikisa dirisha.

Njia hiyo hiyo ya kufunga mlango na kukaza tumbo tunaitumia tunapoinua gunia la mahindi la kilo 90, na mama huitumia anapojifungua, na ng'ombe anapozaa. Yule muungurumo wa ng'ombe mwenye uchungu ni hewa iliyofungiwa ikipenya.

Kikohozi hakifanyi kazi peke yake. Bomba la pumzi lina vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo huyumba mchana na usiku vikisukuma utelezi na uchafu juu kuelekea kooni, ambako tunaumeza bila kujua. Moshi wa sigara na wa jiko la kuni huvilemaza vinyweleo hivyo. Vikilala, kazi yote huachiwa kikohozi, na ndiyo sababu mvutaji sigara hukohoa sana asubuhi. Basi mtu mwenye makohozi mengi anapotafuta dawa ya kukinyamazisha kikohozi, ni kama kumfunga mbwa mdomo usiku kwa sababu anabweka. Kikohozi kikavu kinachomnyima mtu usingizi ni habari nyingine, na daktari aweza kukitulizia.

Kuhusu watoto wadogo nataka kusema jambo moja, wala msilipite haraka. Mtoto mwenye kikohozi mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, hali wala hanyonyi. Aliye kati ya miezi 2 na mwaka 1 akifika pumzi 50 au zaidi, na aliye kati ya mwaka 1 na miaka 5 akifika 40 au zaidi, mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mfunue pia nguo utazame chini ya mbavu. Akivuta pumzi na sehemu ya chini ya kifua ikabonyea ndani badala ya kutoka nje, maana yake ni kwamba kiwambo kinavuta kwa nguvu zote na mapafu magumu hayakubali kujaa. Huyo asingoje asubuhi. Na mtoto asiyetimiza miezi 2, akipumua kwa haraka au akikataa kunyonya, usimhesabie mara nyingi; nenda.

NG'OMBE NA TUMBO LAKE

Ng'ombe ana kiwambo kama chetu, tena kikohozi chake hufanywa kwa hatua zile zile. Lakini ana shida ambayo sisi hatuna. Mapafu yake ni madogo ukilinganisha na mwili wake, na nyuma ya kiwambo limekaa tumbo kubwa ambalo pamoja na lile la pili laweza kubeba lita 100 mpaka 200. Jirani wa namna hii akivimba, kiwambo hakina pa kushukia.

Ndivyo anavyokufa ng'ombe aliyejaa gesi. Watu husema tumbo limepasuka, nami nimeyasikia hayo mara nyingi, lakini wakimpasua hukuta tumbo zima. Ng'ombe wa kawaida hutengeneza mamia ya lita za gesi kwa siku na kuzitoa kwa kucheua na kubeua. Akila klova au lusani mbichi iliyolowa umande, gesi huchanganyika na povu, haitoki. Au akimeza kiazi kizima, kikakwama kwenye umio, mlango wa gesi umezibwa. Wenzetu wa Kinangop na Ol Kalou wanaolisha ng'ombe viazi vilivyokataliwa na wanunuzi walijue hili: vikateni vipande vyembamba. Ng'ombe aliyekwama kiazi hunyoosha shingo, hutoa mate mengi, hukohoa, na baadaye ubavu wa kushoto huinuka kuliko uti wa mgongo.

Umwonapo hivyo, mwite mtaalamu wa mifugo mara moja. Wakati unamngoja, mgeuze ng'ombe asimame miguu ya mbele ikiwa mahali pa juu, ili tumbo lirudi nyuma na kiwambo kipate nafasi kidogo. Usimlaze. Ng'ombe yeyote aliyeanguka kwa ugonjwa, hata kama ni homa ya maziwa baada ya kuzaa, asiachwe alale kwa ubavu. Muinue alalie kifua, umtegemeze kwa magunia ya nyasi pande zote mbili. Wengine hufa si kwa homa yenyewe, bali kwa sababu tumbo limejaa gesi isiyotoka likakilalia kiwambo.

Jambo la waya nalo lazima nilitaje, maana kwenye skimu zetu lipo zaidi kuliko mahali pengine. Mashamba haya yalipogawanywa kuanzia mwaka 1962, nyua za zamani zilikatwa na kuhamishwa, na vipande vya waya vikabaki nyasini. Miaka mingi baadaye jembe bado huvifukua. Kila nyumba mpya nayo huacha misumari yake. Ng'ombe hachagui kwa ulimi. Humeza kwanza na kutafuna baadaye. Waya huangukia katika tumbo la pili, lile lenye vyumba kama masega ya nyuki, ambalo limegusana na kiwambo. Tumbo hilo hujikunja kila dakika moja hivi. Kila likijikunja, waya husukumwa mbele kidogo. Hutoboa tumbo, hutoboa kiwambo, na upande wa pili, karibu kabisa, upo moyo.

Ng'ombe huyo hupunguza maziwa ghafla, husimama amekunja mgongo na viwiko vya mbele vimetoka nje, na huvuta pumzi fupi fupi kwa kuogopa kukisogeza kiwambo. Kukohoa hakutaki kabisa. Mteremshe kilimani, utamsikia akiguna, kwa sababu matumbo yote hukiegemea kiwambo kilichochomwa. Kidari kikianza kuvimba maji na mishipa ya shingo ikatuna, waya umefika moyoni na dawa haiko. Mapema daktari aweza kumtia sumaku tumboni ikaushika waya, au kumpasua. Watoto wakiokota waya na misumari malishoni kila Jumamosi, hamtahitaji daktari wala sumaku.

KUNYWESHA DAWA

Sasa fikirini juu ya mtu anayemnywesha ng'ombe dawa ya minyoo. Ameinua kichwa mpaka pua yatazama mbinguni, amevuta ulimi nje kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamimina chupa nzima kwa mara moja. Mnyama aliyevutwa ulimi hawezi kumeza. Dawa hushuka katika bomba la pumzi. Anataka kukohoa, lakini shingo imenyooshwa na kichwa kimeshikwa, hawezi. Siku tatu baadaye ana homa, pua zanuka, na mwenyewe alaumu dawa.

Kichwa kisipite usawa wa mgongo. Ulimi uachwe. Tumia chupa ya plastiki au bomba la kunyweshea, uipitishe pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, na umimine kidogo kidogo ukisubiri ameze. Akianza kukohoa, acha mara moja na umwachie kichwa kishuke, mpaka amalize. Mafuta ni ya hatari kuliko yote, kwa sababu hayamchokozi kooni kama maji, huteleza mpaka mapafuni kabla hajatambua.

KIKOHOZI SI KIMOJA

Mzee mmoja alifika dirishani kwetu ofisini akitaka dawa ya kikohozi cha ng'ombe. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hukohoa wakati gani?" Akanijibu, "Kijana, kikohozi ni kikohozi." Tukaketi naye kwenye benchi la nje. Baada ya maswali machache ikaonekana kwamba ng'ombe wake hana homa, hula vizuri, maziwa hayakupungua, naye hukohoa tu anapokula unga wa ng'ombe wa maziwa. Unga ulikuwa mkavu na wenye vumbi. Akashauriwa aunyunyizie maji kidogo kabla ya kumpa. Hakununua dawa yoyote.

Si wote wenye bahati hiyo. Ndama wa miezi michache anayelishwa kwenye nyasi za bondeni zenye umande, akikohoa kwa mfululizo hasa unapomkimbiza, yawezekana ana minyoo ya mapafu. Hao ni minyoo weupe wembamba kama uzi, hukaa ndani ya bomba la pumzi. Na hapa kikohozi, mlinzi wetu, hufanywa mtumishi wa adui: ndama hukohoa, watoto wa minyoo hupanda mpaka kooni, huwameza, nao hutoka katika mavi na kurudi nyasini. Kuna hata ukuvu mdogo unaoota juu ya mavi ya ng'ombe, ambao hurusha mbegu zake mbali kwa nguvu. Vijana wa minyoo hupanda juu yake na kurushwa pamoja nazo, wakaangukia nyasi safi. Mchango wa watoto wetu, ile minyoo mirefu ya mviringo, nao katika ujana wake hupita mapafuni, hukoholewa na kumezwa. Ndama watengwe na ng'ombe wakubwa, wasilishwe bondeni nyasi zikiwa na maji. Dawa kadhaa za minyoo huwaua hao wa mapafu, lakini si zote. Uliza kabla ya kununua.

Ng'ombe mwenye tezi zilizovimba chini ya sikio na homa ya kupita digrii 39.5, kisha akaanza kukohoa na kuhema, ameshikwa na homa ya East Coast iletwayo na kupe. Kikohozi hapa ni cha mwisho, si cha mwanzo. Maji yanajaa mapafuni, na povu jeupe likitoka puani, mnyama anazama majini akiwa nchi kavu. Dawa ipo, nayo huponya ikianza mapema, kwenye zile siku za tezi na homa. Atakayengoja kikohozi amechelewa.

Kisha kuna homa ya mapafu ya ng'ombe, ile ya kuambukiza. Mnyama hukohoa anapoinuka au anapotembezwa, hunyoosha shingo, huguna anapotoa pumzi. Ndani, pafu limekuwa gumu lenye mabaka kama jiwe la marumaru na kifua kimejaa maji ya manjano. Ugonjwa huu hurushwa kwa pumzi na kikohozi kutoka mnyama hadi mnyama, na aliyeambukizwa aweza kukaa wiki nyingi akionekana mzima. Basi ng'ombe aliyenunuliwa mnadani, hasa aliyetoka mbali bila cheti, asichanganywe na wengine. Ukiushuku ugonjwa huu, usimwuze, usimhamishe, wala usimtibu kwa siri. Sheria yataka utoe habari. Chanjo itumiwayo hutokana na vijidudu dhaifu vilivyopatikana Tanganyika mwaka 1951, nayo hutolewa na wenye mamlaka, haiuzwi dukani.

Katika nyumba ya mtu, kikohozi kilichodumu wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Robert Koch wa Ujerumani alikitambua kijidudu chake mwaka 1882, na leo dawa zipo, za miezi 6 kwa wagonjwa walio wengi, na katika Kenya hutolewa bure. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho huweza kumfikia mtu kwa maziwa. Chemsheni maziwa, hata ya ng'ombe mnayempenda.

TONGE LIKIKWAMA

Mtu akipaliwa mezani, mtazame kwanza. Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Umhimize, usimpige mgongo wala kumpa maji. Hakuna mkono ulio hodari kuliko kikohozi chake mwenyewe. Lakini akishika koo, asiweze kukohoa wala kusema, hewa haipiti, na zimebaki dakika chache. Muinamishe mbele, mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Haikutoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi kati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua, uishike kwa mkono wa pili, na uvute ndani na juu kwa ghafla, mara 5. Rudia zote mbili kwa zamu. Daktari wa Marekani, Henry Heimlich, ndiye aliyeitangaza njia hiyo ya tumbo mwaka 1974. Nayo si kitu ila kukisukuma kiwambo juu kwa mkono, kumfanyia mtu kikohozi ambacho hawezi kujifanyia. Mjamzito asukumwe kifuani, si tumboni. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, apigwe mgongoni mara 5, kisha ageuzwe na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usichokonoe koo kwa kidole bila kuona kitu. Aliyesukumwa tumboni, hata akipona, akaonwe na daktari.

Nafasi ya ukurasa imebaki kidogo, nami sijataja kuku. Kuku hana kiwambo kama hiki. Mapafu yake yameshikamana na mbavu wala hayapanuki. Hewa huvutwa na mifuko myepesi iliyoenea mwilini mwake, na mifuko hiyo hujaa mfupa wa kifua unapoinuka na kushuka. Mfupa huo ukizuiwa, hana njia nyingine ya kupumua. Kuku wengi wanaofika sokoni wamekufa hawakuuawa na jua. Walifungwa kifua kwa kamba, walilaliwa na wenzao ndani ya tenga, au mtoto aliwakumbatia kwa upendo. Mfundishe mtoto ambebe kuku kwa kumtia mkono chini, kifua kikiwa huru, na mbawa ndizo zishikwe.